Sitini na Miwili

Kila koili inataka mizunguko sitini na miwili.
Ukifika arobaini mtu akakusalimia,
itikia kwa kichwa. Ukiitikia kwa mdomo
hesabu imekwenda, na waya wa shaba
haukungoji ukumbuke.

Hilo lilikuwa somo la kwanza la fundi Kapela.
Mwaka anazaliwa, mimi nilikuwa Urambo
napanga tumbaku madaraja.
Namwita Fundi. Yeye ananiita Mzee,
kisha ananituma maji.

Karakana iko Kiloleni, nyuma ya stoo ya mbao:
bati kumi na moja na kufuli la kuazima.
Ada ya kufundishwa kusuka mota, laki tatu na nusu.
Nimelipa laki. Iliyobaki nadaiwa.
Posho elfu mbili kwa siku, siku yenye kazi.
Siku isiyo na kazi nalipwa ujuzi,
na ujuzi, dukani kwa Nyanzala, hauna chenji.

Wanasema ujuzi hauzeeki.
Sawa. Na magoti?

Nilikwenda ofisi ya kata kuulizia ufadhili.
Dada mle ndani alikuwa mpole, akanipa na kiti.
Nikaandika jina, mtaa, fani,
mwandiko wangu wa vitabu vya chama cha msingi,
hadi nikafika penye umri:
mwisho thelathini na mitano.
Mimi nina arobaini na mitatu.
Nikamuuliza, hii minane niiache wapi?
Akacheka, nami nikacheka,
akaichukua fomu yake.

Nyumbani Isevya, Kalunde naye anasuka. Vichwa.
Twende kilioni kwa elfu nne,
yeboyebo kwa kumi, rasta uje nazo mwenyewe.
Vidole vyake ndivyo vilivyolipa ile laki.
Hajaitaja hata mara moja,
na hapo ndipo ninapoisikia.
Usiku ananipa mikono nimkande.
Yake ina mafuta ya nywele, yangu vanishi;
mto wetu sasa haujui uko saluni au karakana.

Julai niliunguza.
Mota ya mashine ya kusaga. Mwenyewe katoka nayo Sikonge
juu ya pikipiki, kaifunga kama mbuzi.
Nilisahau karatasi kwenye mfereji mmoja,
mmoja, kati ya thelathini na sita.
Tukawasha. Ikanguruma, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe.
Fundi hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Alichukua patasi akakata kazi yangu yote,
akaiweka shaba iliyokufa kwenye mizani,
kilo mbili na robo,
akafungua daftari, akaandika,
akapiga mstari chini ya jina langu.
Siku thelathini na mbili bila posho.

Nilirudi kwa miguu kando ya reli
nahesabu mataruma. Nikafika sitini na mawili,
nikajikuta naanza upya.
Kijana akikosea wanasema anajifunza.
Mimi nikikosea, wanatazama mvi.

Kalunde aliuliza kitu kimoja:
"Umejua ilianzia wapi?"
Nikasema, karatasi.
Akasogeza taa karibu,
akaendelea na kichwa cha mtoto wa jirani.

Ile mota niliisuka tena, siku nne.
Mifereji yote niliipapasa kwa kidole kabla ya waya,
kama mtu anayehesabu meno ya mwanawe.
Mtu wa Sikonge alipokuja tukamwashia.
Haikusema kitu. Ilizunguka tu,
vumbi likaanza kutembea sakafuni.
Akalipa, akafunga mbuzi wake, akaondoka.
Fundi akanihesabia elfu tano mkononi,
kisha akanyoosha mkono huohuo:
"Tatu za deni, Mzee."

Nimerudi kwenye benchi. Koili ya pampu hii, ya mtu wa Ipuli.
Jua limeingia mpaka kwenye kopo la vanishi.
Mtu anabisha bati huko nje:
"Hodi! Fundi yupo?"

Tumegeuka wote wawili.

Nilikuwa hamsini na ngapi?
Nafumua. Moja.