Kumbukumbu za Kikao, Tawi la Rhondda

Kura zilihesabiwa Jumamosi.
Jumanne, ukumbini, chai ni ile ile,
mabirika mawili.

Glenys, aliyeishona bendera yetu
mwaka wa mgomo wa makaa,
kaketi upande wa dirisha.
Emrys, aliyemtungia uzi sindanoni,
kaketi mlangoni.
Wote wawili huanza, "Ndugu mwenyekiti,"
na hiyo ndugu ina meno.

Huyu msaliti. Yule anaota mchana.
Miye katibu naandika: mjadala ulifanyika.

Kijana wa bohari alichungulia,
kofia inachuruzika mvua,
alitaka kadi ya uanachama.
Akasikiliza kidogo,
akaurudishia mlango taratibu
kama aliyeingia msiba si wake.

Tulikuwa tunapigia kura
nani abaki na ufunguo wa kabati
la bendera.
Kura zikalingana.

Kijana sikumwandika.