Kiti cha Mzee Ndoc

Usianze na koleo, Pashk.
Anza na kuketi.
Funga mlango, shika usukani, nyamaza,
uulize mwili unaelemea wapi.
Mimi nimezama kushoto, upande wa mlango,
vidole vitatu, labda vinne;
goti la kulia limepanda kama la panzi.
Hilo ni jambo la springi, si la sponji.
Sponji ikichoka huchoka yote, kama mtu wa kawaida.
Springi hukatika mahali pamoja, na ina sababu zake.

Sasa shuka. Piga magoti.
Unaliona vumbi hili la kahawia, kama tumbaku?
Ni makumbi ya nazi.
Wajerumani walijaza viti vyao nyuzi za tunda
ambalo hapa Shkodër hatujaliona mtini,
wakazigandisha kwa utomvu wa mpira,
zikabeba watu miaka arobaini na mitano.
Zikikauka hupukutika. Usiilaumu nazi.

Bolti nne, spana ya kumi na tatu.
Ya nyuma kushoto imeshikwa na kutu:
imwagie mafuta, kanywe kahawa, rudi.
Kiti kikitoka, kipindue kama unavyompindua kobe,
taratibu, wala usimcheke.

Hapa.
Waya umekatika mara mbili kwenye fremu,
pale pale paja la dereva linapotua akiingia.
Uzito hauui kiti. Pupa huua.
Mzee Ndoc hakuwa akiketi, alikuwa akijitupa:
Koplik hadi hapa, hapa hadi Koplik,
jibini, wagonjwa, maharusi wanane kwa hesabu yake,
na kila safari, pu!
kama gunia la unga.

Wewe hukuwapo jana
nilipofunua na kiti cha abiria, kwa udadisi tu.
Kizima, isipokuwa ukingo wa kushoto
uliobonyea kuelekea kwa dereva.
Nikajiambia: huyu ni marehemu File.
Miaka yote ile ameketi amemwegemea mumewe.
Nikaweka shazia chini. Nikatafuta leso.
Mzee alipopita saa tisa nikamwambia,
kwa sauti ya kanisani,
"Hiki cha mkeo sitakigusa."
Akanitazama kama aliyeulizwa bei ya mwezi.
"File? File alikuwa akiketi nyuma. Aliogopa kioo cha mbele.
Hapo nilikuwa nikiweka betri ya trekta."

Cheka, lakini liandike:
kiti hukwambia uzito,
hakikwambii nani.

Waya wa springi hauchomelewi, moto huulegeza;
tulikata mwingine kwenye gari lililokufa Lezhë.
Gunia jipya juu yake, ili waya usitafune makumbi.
Makumbi mapya. Ile ngozi bandia
iweke juani kwanza, ilainike,
kisha ivute kwa viganja, si kwa kucha.
Pete za chuma, moja moja, kuanzia katikati.
Na ule mkunjo mdogo pembeni tuuache.
Gari la mwaka sabini na tisa lisijifanye bikira.

Jioni hii umemwona mwenyewe.
Kajitupa, pu! na kiti kikamrudisha juu.
Akakaa kimya, shingo ndefu, kama mtoto mezani.
"Kumbe boneti ina kutu," akasema.
Akapapasa usukani. Akatazama juu.
Kioo cha ndani kilipimwa kwa macho yaliyozama;
sasa macho yamepanda vidole vinne,
na badala ya barabara aliyoiacha nyuma
kikamwonyesha kiti cha nyuma, kitupu,
upande wa kulia.

Nikamwambia, "Mzee, rekebisha kioo."
Mkono ukainuka, ukafika nusu,
ukashukia gia.
"Kesho," akasema.

Na wewe ukafagia vumbi la nazi,
ukaniuliza kama ya betri tutaitengeneza.