Tisa na Sifuri Ni Majirani

Barua ya bima ilifika Jumanne, pamoja na katalogi ya mbegu.
Nilianza na katalogi.

Malori yetu ni matatu: la kwanza, la tatu, la nne.
La pili Emil aliliuza mwaka ule mahindi yalipoanguka bei,
na namba za ubavuni hatukuzibadilisha,
zikabaki na pengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Barua ilisema: tarehe kumi na moja Februari,
kwenye mizani ya Wyoming,
lori la Vondracek na Mwana limekutwa
breki mbili zimelegea, ekseli ya nyuma.
Kwa hiyo malipo yanapanda. Yanapanda
mshahara wa Leland wa miezi miwili.

Nikampigia. Alikuwa Iowa, anashusha chakula cha ng'ombe.
"Wyoming?" akasema. "Februari?"
Nikasikia upepo ukiipiga simu yake.
"Darlene, siku hiyo la nne lilikuwa kwa Gus, juu ya jeki.
Magurudumu ya nyuma yameegemea ukuta."

Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi?
Labda ukiutazama kwa mbali.
Huu niliulalia wiki saba.

Usiku niliifungua ripoti yenyewe.
Rangi ya lori: nyeupe. Yetu ni ya kijani,
kijani cha Emil, alichokichagua bila kuniuliza.
Dereva: jina nisilolijua.
Namba ya kampuni: yetu, hadi ile tisa ya mwisho.
Nikaifuta tisa, nikajaribu sifuri.
Ikatokea kampuni ya Idaho, malori mia mbili na kumi,
meupe yote, kama meno ya kwenye tangazo.

Nikaitazama kibodi. Tisa na sifuri ni majirani.
Nikamwona yule askari: theluji, glavu, foleni ya malori,
kidole kimoja kinene kikiruka ua.
Sikumchukia. Mimi mwenyewe
nimewahi kumlipa fundi bomba mara mbili.

Nikaandika pingamizi. Nikaanza na kifo cha Emil. Nikafuta.
Nikaanza na miaka thelathini na moja bila ajali. Nikafuta.
Mizani haipimi huzuni.
Nikabakisha tarehe, namba, rangi,
na risiti ya Gus yenye alama ya gumba la grisi.

Wiki tatu. Jibu:
Ombi limekataliwa. Afisa anasimama na ripoti yake.

Akasimama nayo. Na mimi nikasimama,
nikachemsha kahawa, nikaketi, nikaandika swali moja tu:
lori lisilo na magurudumu lililegeza breki zipi?
Nikaambatisha picha aliyoipiga Gus:
ukuta, magurudumu manne,
paka wake amelala ndani ya mojawapo.

Labda ni paka. Sijui.
Jibu la pili lilikuwa la mstari mmoja:
Kosa limeondolewa.
Halikusema samahani. Mfumo hauna kitufe hicho.

Nikaushusha ukurasa nione palivyo safi,
na hapo chini likaniangalia lile la Septemba:
tairi la trela, limekwisha meno.
Hilo ni letu.
Leland aliniambia, nami nikamwambia lisubiri mwisho wa mwezi.
Tarakimu zote ziko mahali pake.
Hilo sikuliandikia mtu.

Nilipaswa kulala.
Lakini kama zile breki hazikuwa zetu,
zilikuwa za mtu, na wiki saba zote
zilisomwa kwenye daftari letu,
huku lori jeupe likishuka milima na tani zake.

Asubuhi nikapiga Idaho. Akapokea mwanamke,
sauti ya mtu mwenye faili mbele yake kama mimi.
"Breki," nikamwambia, "ekseli ya nyuma,
kumi na moja Februari. Kuna aliyezikaza?"

Nikasikia karatasi. Nikasikia droo.
"Usikate," akasema.

Sikukata.