Saruji

Kwenye karatasi yake imeandikwa: buluu.
Nimemtazama mchana, nimemtazama kwa tochi,
buluu sijaiona.
Mimi nimekulia Wazo, jirani na kiwanda,
tulikokuwa tunapangusa jani la mchongoma kwa kidole
kuona kama bado ni kijani.
Rangi yake ni ya lile vumbi.
Nikamwita Saruji. Akageuka.

Bwana Kaijage alimnunua kwa bei ya bodaboda mpya
na aliniambia hivyo siku ya kwanza,
nijue ninacholinda ni nini.
"Pitibuli weusi wako kila mtaa. Wa rangi hii, hesabu vidole."
Akampiga picha kwenye gari,
picha kwenye ngazi,
picha na mnyororo mzito kuliko kazi yake.

Kichwa, kinu kilichopinduliwa.
Kifua cha mbeba mizigo wa Kariakoo.
Macho ni chai ya rangi kwenye glasi.
Na moyo, wallahi, wa kifaranga:
ngurumo ikipiga upande wa Boko
anajipenyeza chini ya kiti changu
hadi kibanda kizima kinatetemeka naye.
Lakini nani anauliza moyo?
Bi Mwanahawa akimwona anavuka barabara
na beseni lake la vitumbua,
nami simlaumu. Taya ni taya.
Kamba haitoki mkononi mwangu.

Tunatoka saa kumi na moja alfajiri
kabla lami haijashika moto.
Jua la saa nne linamla: pua inambabuka,
tumbo linaiva kama la mtoto mchanga.
Kuku hali. Nililijua hilo
baada ya wiki nzima ya kujikuna hadi damu.
Sasa ni vichwa vya sangara, nachambua miba yote,
na ugali wa dona uliopoa, bila chumvi.
Kupe namtafuta ndani ya sikio,
namtafuta katikati ya vidole,
naye ananyoosha mguu kama bibi harusi anayepakwa hina.

Masika yaliyopita manyoya ya mgongo yakaanza kutoka.
Kwanza duara la shilingi mia, karibu na mkia,
kisha ramani ya nchi nisiyoijua.
Daktari Mshiu alikwangua ngozi, akainamia hadubini.
Upele hakuna. Fangasi hakuna.
"Ni rangi yenyewe," akasema.
"Kinachomfanya awe adimu ndicho kinachomnyoa.
Haiponi. Inatunzwa."

Bwana Kaijage alisikiliza kwenye spika ya simu,
akanyamaza,
akauliza kama watoto wake watauzika.
"Usimzalishe," daktari akasema.
Tangu siku hiyo hakuna picha.
Hela ya sangara inakuja, mara nyingine inachelewa,
mara nyingine natangulia mimi.

Mimi ni mtu wa swala.
Kanzu yangu naitundika msumarini, mbali na mate yake,
na mama mkwe kila tukionana ananiuliza: "Saba?"
Saba, mama. Na moja kwa udongo.
Jumamosi ndiyo siku yetu ya kuogeshana:
yeye shampuu ya dawa, dakika kumi bila kusuuza,
nazipima kwa taarifa ya habari redioni;
mimi ndoo yangu, mchanga wangu.
Ngozi za mikono zimekuwa kama zake.

Kisha mafuta ya nazi, kidogo tu, kwa ncha za vidole,
pale palipobaki uwazi.
Jumamosi iliyopita jua lilikuwa halijatoka,
ngozi imelowa, mwanga umelala juu yake,
nikaiona.
Buluu. Nyembamba, chini kabisa,
kama mshipa kwenye kifundo cha mkono.
Niliinua kichwa nimwite mtu.
Getini hakuna mtu.

Saruji akajikung'uta.
Kanzu, kule kule msumarini, ikapata.
Nikavuta ndoo.
Moja.