Mguu wa Kushoto

Mwezi wa tisa sasa tangu geti lifunguke
na mguu mmoja uingie, wa kushoto,
kiatu chekundu, kisigino kimelika upande,
halafu maandishi: ITAENDELEA,
halafu tangazo la magodoro.

Sisi wa zamu ya alfajiri hatujaacha kuubishania ule mguu.
Meza ya minofu ni ndefu, visu vinaijua njia vyenyewe,
mdomo hauna kazi nyingine.

"Ni Shamimu," anasema Nkwimba, "karudi kudai nyumba."
"Shamimu alizikwa sehemu ya kumi na nne!"
"Lilizikwa jeneza. Wewe uliona maiti?"
Hakuna aliyeona maiti.
Nyabwire analeta hoja ya kisigino:
kisigino hulika hivyo kwa mtu anayechechemea,
na katika Geti Jeusi lote anayechechemea ni mmoja, dereva.
"Dereva ni mwanaume," anasema Ng'wasi.
"Ndiyo utamu wenyewe!"
Tukacheka mpaka msimamizi akagonga kioo.

Nyanzobe peke yake hachangii.
Yeye hutazama kwa jirani, amesimama dirishani,
na usiku ule kuna bwana mrefu alimziba.
Kiatu hakukiona. Alihadithiwa na sisi,
kila mmoja kwa rangi yake ya wekundu.

Humu ndani ni baridi ya kugandisha kauli.
Mabuti meupe, kofia nyeupe, barakoa;
wenzangu nawatambua kwa macho
na kwa upande walioushika katika kesi ya urithi.
Ziwa lipo nyuma ya ukuta. Hatulioni.

Mwezi wa tatu tuliandika barua
nyuma ya katoni, kwa kalamu ya kuandikia uzito:

Ndugu wahusika wa runinga,
sisi ni wakata minofu wa Igogo, Mwanza.
Hatuombi msaada wala zawadi.
Tunaomba kujua ni nani.
Kama fedha imewaishia, semeni tu,
hapa kila mtu anajua kuishiwa.
Kama mwenye kiatu amegoma, mwongezeni.

Sahihi kumi na saba. Mlinzi naye akaomba nafasi,
akaweka dole gumba.
Posta wakaikataa katoni kwa sababu ya harufu.
Mwanangu akaipiga picha, akaituma.
Ikaonyesha imefika.
Ikaonyesha imesomwa.
Basi.

Na sisi tuna yetu. Kila miezi mitatu
karatasi hubandikwa chini ya saa ya ukutani:
walioongezewa mkataba.
Sangara wamepungua, wanasema wakubwa,
na karatasi nayo inazidi kuwa fupi.
Ijumaa tulisimama mbele yake, hakuna aliyebisha chochote.
Nkwimba yupo. Nyabwire yupo. Ng'wasi yupo.
Mimi nipo, wa mwisho, herufi moja imeliwa, lakini nipo.

Nyanzobe alisoma kutoka juu, kisha kutoka chini,
kama mtu anayetafuta shilingi kwenye mshono wa mfuko.
Akavua kofia. Nywele zake alikuwa amesuka upya,
hatukuwahi kuziona.
"Ikirudi," akasema, "mnipigie."
Tukajua anasema nini, na hatukujua.
Alipovuka geti la kiwanda niliangalia miguu, mazoea mabaya:
ndala za bluu,
na uliotangulia ulikuwa wa kulia.

Jumanne, saa tatu usiku, niliwasha runinga.
Magodoro.
Nikampigia hivyohivyo.

"Imerudi?"
"Bado."
"Haya."
Nikasikia sufuria ikifunikwa, mtoto akikohoa,
mbu za ziwani, au labda ni simu tu.
"Lakini nimefikiria," akasema. "Miezi yote tisa
mnabishana mdai, mzimu, dereva.
Mimi naona ni mtu wa kawaida.
Katembea siku nzima, kisigino kimeisha,
kakuta geti liko wazi.
Kakosea nyumba tu."

Akakata, salio ni langu lakini akakata yeye.
Nami nimekaa na jambo hili tangu jana.
Sasa nani atamwambia Nkwimba?