Machi, Kiboriloni

Saa tisa usiku naamka kabla ya kengele.
Huko kwao jana haijaisha;
kama wanaamua, wanaamua sasa.
Nafungua simu. Natangaziwa bando.
Nafunga.

Asubuhi nambebea mama ndizi hadi sokoni,
mshare huku, mzuzu kule.
Hapa nilikaa miezi minne na daftari
nikiwauliza kina mama
nani hukopeshwa bila dhamana
na nani huambiwa "rudi Jumanne."
Kurasa kumi na mbili. Ndizo nilizowatumia.

Mama Anasia, aliyenijibu maswali thelathini na moja
bila kuacha kumenya njegere,
sasa zamu yake kuuliza:
"Wale watu wako wamesemaje?"
Bado.
"Na hiyo sosholojia, inatibu nini?"
Nacheka. Jibu fupi sina.

Chuo cha kwanza kilinikataa Februari,
kwa adabu nyingi, jina wakikosea herufi moja.
Nikajiambia aliyekataliwa ni yule Eliakanda,
maskini, sijui alijaza nini.
Mimi ni Eliakunda.
Vimebaki viwili.

Leo mvua imeanza. Tumevuta turubai,
nami nimebanana kwenye benchi la kikoba
na wanaongoja mkopo.
Mhazini anashusha kidole kwenye orodha, polepole,
na sote tunausoma uso wake, si daftari.
Hili sikuliandika popote
katika zile kurasa.

Simu inatetemeka mfukoni.
Mama Anasia anaacha kumenya.
"Ni bando tu," namwambia,
kabla sijaitazama.