Kisichokuwa na Mdomo

Ulikuwa mtungi wa kuzimia moto,
mwekundu, wa ofisi iliyohama usiku.
Mumbere aliununua Birere kwa bei ya kuku wawili,
akamwaga unga wake mweupe juu ya mawe ya lava,
akamwita Kasereka mchomeleaji:
toboa hapa, unganisha hapa.
Nyuma yake injini ya friji bovu,
na ubao: KWADO. UPEPO SAA ZOTE.

Mimi nilikuwa mwanafunzi.
Kazi yangu kuzamisha mipira kwenye karai
na kutafuta povu.
Nilijua tundu dogo kuliko la sindano
kwenye mpira wa watu.
Mtungi wetu hakuna aliyeutia majini.

Geji ilikufa mwezi wa pili,
mshale umelala kwenye nne kama mlinzi wa usiku.
Kizibo cha kupumulia kilipiga miluzi,
kinatuibia upepo, alisema Mumbere,
akakiziba kwa bolti.
"Sasa umenyamaza. Umepata adabu."
Tulicheka.
Nilicheka mimi zaidi, na hilo liandikwe.

Nyiragongo tunaiogopa,
usiku tunatazama wekundu wake kabla ya kulala.
Lakini mlima una mdomo:
unapumua, unatema, unajitangaza.
Kutu ilikuwa ndani,
kitakoni, maji ya upepo yanapolala,
ikila chuma bila kutafuna.

Alhamisi, lori la viazi kutoka Masisi
likaja na tairi mbili.
Mumbere akanituma maandazi.
"Ya moto. Ukikuta ya baridi, usubiri."
Nikasubiri.

Mlio niliusikia tumboni kwanza.
Barabara nzima ya Ndosho ililala chini.
Tuna mazoea.
Tukangoja la pili.
La pili halikuja.

Mtungi ulipasua bati, ukaokotwa nyumba ya tatu,
kitako kimechanika kama gunia,
na pale pa kuchanika
chuma chembamba kuliko ukucha wangu.
Nilichokikuta kando ya karai sisemi.
Maandazi yalikuwa bado ya moto.

Siku hizi najaza kwa pampu ya mguu.
Wateja wananung'unika, wanavuka kwenda kwa Bauma.
Bauma ana mtungi wa gesi, wa buluu, ameutoboa juzi.
Nilimpelekea kipande cha ule wetu, nimekitunza mfukoni.
Akakigeuzageuza, akanirudishia.
"Ule ulikuwa mzee," alisema. "Huu mzima."
Akaupiga kofi,
nao ukaitika vizuri,
kama ngoma.